Shomari Hakutia Maji

Nimekasirika. Nakwambia mapema ili usije ukasema mzee alianza vizuri halafu akageuka.

Juzi nilikuwa kituo cha basi pale Tottenham. Nyuma ya kituo, kwenye maegesho ya magorofa ya kaunsili, vijana wawili wa kwetu walikuwa wanapaka gari rangi. Si watoto, watu wazima wenye ndevu, mmoja babu yake namjua. Walikuwa wamekwisha kupiga laka, ile rangi ya mwisho isiyo na rangi, inayong'arisha gari na kulinda kilicho chini yake. Boneti ilikuwa imetoka mabaka kama mtu mwenye choa. Mmoja akamsimanga mwenzake kwa Kiingereza chao cha haraka, kisha akamalizia kwa Kiswahili safi: "Hapa umeipiga Shomari Maji!" Wakacheka wote wawili.

Nikawaendea. Basi langu likaja, likapita, nikaliacha.

"Shomari Maji ni nani?" nikauliza.

"Hatujui, anko. Ndivyo inavyosemwa laka ikiharibika."

"Inasemwa na nani?"

"Na watu wote."

Watu wote! Zaidi ya miaka kumi imepita, na watu wote bado wanalitembeza jina la mtu ambaye hakufanya alichoambiwa amefanya. Na aliyeanza kusema kuwa amefanya ni mimi.

Basi sikiliza, wewe uliyenunua bunduki ya kupulizia rangi wiki iliyopita na sasa unajiita fundi, na jina hilo nawe unalisema. Nimepaka magari Wete, nikapaka Mombasa, nikaja kupaka London tangu miaka ya tisini mpaka mapafu yakanistaafisha. Nitakufundisha laka, kwa kuwa naona unaihitaji. Na nitakusimulia habari ya Shomari, kwa kuwa mimi ndiye ninayeihitaji. Hupati moja bila ya nyingine. Hiyo ndiyo bei yangu, na usijaribu kuipunguza, utachoka kabla yangu.

Tuanze na hayo mapafu. Laka nzuri inachanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, na mvuke wa ile dawa hauna huruma na mtu. Mimi nilianza kwa kujifunga kitambaa puani, baadaye nikavaa kibarakoa cha karatasi, nikajiona nimeendelea. Leo nikipanda ngazi za stesheni nazihesabu. Zikifika kumi na nne nasimama, najifanya nasoma tangazo. Kama huna barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, usipige laka ya hadina nyumbani. Mpelekee mwenye chumba cha kupakia rangi. Utaniambia ghali. Nimebishana bei na kila mtu katika mji huu, na mwenye kuuza mapafu bado sijamwona.

Gereji yangu ya kwanza hapa ilikuwa Stratford. Msimamizi wetu, Andreas, alikuwa Mgiriki wa Saiprasi, mfupi, mwenye sigara sikioni ambayo hakuiwasha hata siku moja karibu na rangi. Kiingereza chake na changu vilikuwa vibovu kwa namna mbili tofauti, basi tukaelewana vizuri. Wiki ya kwanza nilipiga laka kwenye mlango, na mbele ya macho yangu laka ikaanza kukimbia, ikafanya vishimo vya duara, kila kimoja kama jicho la samaki. Nikasema bunduki mbovu. Nikasema laka ya zamani. Nikasema hewa ya London. Andreas akaja, akahesabu vishimo kwa kidole, kisha akainama akaninusa kichwa.

"Nazi," akasema.

Nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi asubuhi ile, kama kila asubuhi tangu nizaliwe, kisha nikauinamia mlango nikiufuta. Mafuta na laka havikai nyumba moja. Tangu siku ile nikawa nafanya kazi na kofia, na nyumbani mke wangu akaniuliza kama nimeingia jeshini.

Andreas akanipa mpango wake, na huu uandike. Laka ikiharibika, kwanza macho, pili ukucha, tatu maji, mdomo mwisho.

Macho yaulize ubaya uko wapi, kabla hujauliza ni ubaya gani. Uko gari zima au sehemu? Juu au ubavuni? Ngozi ya chungwa gari zima, bunduki umeiweka mbali au laka nzito. Machozi yanayotiririka milangoni, umetia nyingi kwa pupa. Vipele vidogo kama vya joto, umepiga mkono wa pili kabla wa kwanza haujatoa thina yake, ile dawa ya kuilainisha laka, nayo ikatafuta njia ya kutokea. Ukungu mweupe, umepaka siku ya unyevu, na London siku ya unyevu ni kila siku.

Ukucha ubonyeze pahali pasipoonekana, ndani ya kizingiti cha mlango. Siku mbili zimepita na bado panabonyea? Hadina haikutosha. Pagumu? Basi mchanganyaji hana kosa, muache.

Maji yapake kwenye baka. Likipotea likilowa na kurudi likikauka, ubaya uko kwenye ngozi ya juu, utatoka kwa msasa laini na dawa ya kung'arishia. Likibaki linakutazama, uko chini, utasugua sana.

Ukishamaliza hayo yote, ndipo ufungue mdomo useme nani kakosea.

"Kwa nini mdomo mwisho?" nilimuuliza.

"Rangi ukikosea unasugua, unarudia," akasema Andreas. "Neno ukikosea, lete msasa wako nione."

Nikacheka. Nilicheka sana, wallahi, nikiwa na kofia yangu.

Shomari nilikutana naye kwenye duka la rangi. Nilikuwa nabishana na muuzaji bei ya boksi la msasa, na foleni nyuma yangu imeanza kuguna. Sauti ikatoka nyuma kwa Kiswahili cha Tanga: "Bwana mkubwa, hawa hawapunguzi. Bei imebandikwa."

"Kilichobandikwa kinabanduka," nikamjibu bila kugeuka.

"Basi banduka wewe, na sisi tununue."

Nikageuka, tukacheka, na muuzaji kwa kutaka tuondoke akaniongeza vichujio viwili vya rangi bure. Nilivihesabu pale pale. Nikarudia kuvihesabu nje. Shomari akasema, "Wewe ni mtu wa kupakia naye rangi. Si wa kula naye, wa kupakia."

Tukapaka pamoja miaka minne. Kazi zetu zilikuwa za nyumbani kwa watu, magereji ya nyuma ya nyumba, mtu ana gari lake na hana uwezo wa karakana. Tulikuwa tunavaa barakoa za kukodi na kufunga kipepeo cha kutolea hewa dirishani. Mimi bunduki, yeye kuchanganya. Na kuchanganya kwake kulikuwa kama mtu anapima dawa ya mwanawe. Vikombe viwili vya laka, kimoja cha hadina, thina kidogo kwa kuangalia baridi ya siku, na kila anachotia anakiandika kwa chaki ukutani. Hata ukuta wa mteja. Anasema bismillahi, anamimina, anaandika. Miaka minne sikuona kikombe kimoja kilichozidi. Hilo lishike, kwa sababu mimi sikulishika.

Sasa tufike kwa Khalfan. Khalfan ni Mzanzibari, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu, mwenye Toyota Carina ya buluu ya giza. Laka ya boneti na paa ilikuwa inambanduka kama ngozi ya mtu aliyelala juani. Ofisi yake ya teksi ikamwambia abiria wa uwanja wa ndege hawapewi gari lenye ukoma, basi alitengeneze au asikae kwenye zamu zile. Akatuita. Alikuwa akiishi na mama yake, Bi Zuhura, mama wa heshima, mdogo wa mwili, mkali wa macho, aliyekuwa anatuletea chai ya tangawizi na kutuita "wanangu" hata Shomari mwenye mvi.

Siku ya kwanza tukasugua, tukafunika vioo, tukapaka rangi, tukapiga laka boneti, paa, mbawa na milango ya mbele. Ikatoka kama kioo. Shomari akaosha bunduki upesi uani, tukatoka kwenda kusali, tukarudi sebuleni kunywa chai na Khalfan. Asubuhi yake tukafungua gereji. Boneti imejaa viduara vyeupe, kama alama anazoacha kikombe mezani, ila kikombe cha sisimizi. Paa vivyo hivyo.

"Thina," nikasema. Mdomo huo, umetangulia.

"Nimeandika ukutani, Hamadi. Soma," akasema Shomari.

Sikusoma. Tukasugua tena, tukapiga tena. Safari hii alichanganya mbele yangu, nikahesabu vikombe mara mbili. Asubuhi yake, viduara.

Shomari akalizunguka gari pole pole, mikono nyuma. "Bwana Hamadi," akasema, "alama ziko juu tu. Milango mizima. Ndoo ilikuwa moja."

Unasikia? Mtu alinipa jibu mkononi, limechemshwa, limemenywa. Ndoo moja, milango mizima. Kama mchanganyiko ni mbovu, mlango nao ungeharibika. Hilo hata wewe uliyenunua bunduki wiki iliyopita unaliona. Mimi sikuliona, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka, Khalfan anaangalia saa, na ndani ya kichwa changu palikuwa na kiti kimoja tu cha mkosaji, na nilikwisha kumkalisha mtu.

"Umenunua thina ya bei rahisi ukanificha," nikamwambia.

"Mimi? Wewe ndiye unayenunua kwa bei rahisi. Mimi nabeba tu."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliniuma.

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala watu wetu hukutana nyuma ya duka moja la nyama, pana meza na birika. Wakaniuliza gari la Khalfan limefikia wapi. Na mimi, mbele ya Shomari aliyekuwa anajimiminia chai, nikasema: "Litafika wapi? Mtu wa bara ukimpa kopo atatia maji lijae."

Nataka ulisome tena neno hilo, maana mimi nalisoma kila siku. Sikusema Shomari amekosea vikombe. Nilisema mtu wa bara. Pale ndani wote ni wa visiwani isipokuwa yeye, na nilijua kicheko kitatoka upande gani. Mtu akitafuta kicheko cha bei rahisi anajua kinauzwa wapi.

Haji, bingwa wetu wa mizaha, akapiga meza. "Basi huyo si Shomari tena. Ni Shomari Maji!"

Birika likatikisika kwa kicheko. Shomari akaweka kikombe chini. Hakupaza sauti. Akanyoosha kidole, akahesabu watu mmoja mmoja kuanzia mlangoni: "Moja, mbili, tatu..." mpaka kumi na moja. Mimi hakunihesabu. Akaitoa ile kalamu yake ya chaki mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu, akaondoka.

Nikamaliza kazi peke yangu. Nilisugua boneti na paa mara ya tatu, nikachanganya mwenyewe, nikapiga. Na hapa kazi ya watu wawili ikaniokoa kwa kunichelewesha. Siku zote Shomari ndiye aliyekuwa anaosha bunduki na kukusanya makaratasi, tunatoka pamoja. Safari hii niliosha mwenyewe, na laka ilikwisha kukauka juu kiasi cha kutoshika vumbi, lakini ndani bado laini kama siagi, nami bado nimeinama nyuma ya buti nachuma vipande vya gundi ya karatasi. Nikasikia mlango wa jikoni.

Bi Zuhura akaingia, mtandio umefunika pua. Mkononi ana mrashi wa fedha, ule wa kunyunyizia marashi ya mawaridi harusini. Akasimama mbele ya gari, midomo inasoma, akaunyanyua mrashi, akanyunyiza. Tone, tone, tone, boneti nzima, kisha paa.

"Bi Zuhura!"

"Astaghfirullah!" Akashika kifua. "Usinishtue, mwanangu, n'na moyo mie."

"Unafanya nini?"

"Nalisomea gari. Watu pale ofisini kwa Khalfan watalitazama, na macho ya watu unayajua. Hawa wa Kiingereza nao wana husuda, wasikudanganye."

"Umeanza lini?"

"Siku ya kwanza mlipomaliza. Na ya pili. Na leo."

"Mara zote tatu?"

"Sasa mie nifanyeje? Mnapaka, nasoma. Kesho nakuta mmelisugua lote kwa msasa, mmeiondoa dua yangu, mnapaka upya. Nikasema labda ndivyo rangi ya Ulaya ilivyo, inapakwa mara tatu. Basi nami nasoma mara tatu. Nimechoka na mimi, usidhani."

Nikakaa juu ya kopo. "Na milango, Bi Zuhura? Milango hukuinyunyizia?"

"Mtu akihusudu gari anaanzia boneti," akasema, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza nini? Ulikuja ukauliza plagi iko wapi, bomba liko wapi, chai ina sukari ngapi. Yule mwenzako mweusi wa mvi peke yake ndiye aliyeniuliza hali ya miguu yangu. Yuko wapi yule?"

Nikaigeukia boneti.

Nilihesabu matone. Ishirini na matatu, nikarudia, ishirini na matatu. Na sasa sikiliza ufundi, maana hapa ndipo hasira yangu inapochemka: gari halikuhitaji kupakwa upya. Halikuhitaji mara ya pili, wala ya tatu. Alama ya tone kwenye laka mbichi iko kwenye ngozi ya juu. Ilipokauka nilipaka maji, zikapotea. Nikaliacha gari wiki nzima ligande, nikachukua msasa wa elfu mbili na maji yenye sabuni kidogo, nikasugua mkono mwepesi bila kuchimba, nikafuata na dawa ya kung'arishia. Saa mbili za kazi. Ingekuwa saa mbili siku ile ya kwanza, Shomari amekaa pembeni ananicheka. Macho, ukucha, maji. Nilivijua vyote vitatu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye cha nne.

Khalfan nilipomweleza akasema, "Yakhe, nakuomba, mama usimtaje mbele za watu." Kabla sijajibu, sauti ikatoka jikoni: "Anitaje! Anitaje kwa jina langu na la baba yangu. Nilimwombea mwanangu, sikuiba. Aliyeiba jina la mtu ndiye aone haya." Basi ninamtaja, na ruhusa ninayo.

Shomari nikamkuta Peckham, chini ya matao ya reli, anaziba mabonde ya gari la mhubiri mmoja kwa puti. Nilibadilisha mabasi mawili kumfikia na njiani nikajipangia maneno. Nikamweleza yote, marashi, mrashi, matone ishirini na matatu.

Akacheka mpaka akaweka kibao cha puti chini. "Mama yule! Na miguu yake hajambo?"

"Hajambo. Shomari, nimekuja kukuomba radhi."

Kicheko kikakatika. "Radhi yako nimeisikia. Lakini ulinitukana mbele ya watu wangapi?"

"Kumi na moja."

"Na hapa tuko wangapi?"

"Wawili."

"Basi hesabu haijatimia. Nenda kwa wale wale, mmoja mmoja, uso kwa uso. Waambie ulisema uongo na kwa nini ulisema mtu wa bara. Ukimaliza, njoo na kopo lako tuchanganye."

"Wengine nitawapigia simu..."

"Simu haina uso, Hamadi."

Usidhani ni kazi ndogo. Kulala chini ya gari mwezi wa Januari ni raha kuliko kumfuata mtu nyumbani kumwambia mimi ni mwongo. Mmoja akaniambia, "Kumbe! Lakini jina tamu, bwana." Nusura nimpige. Mwingine akauliza, "Sasa tumwiteje?" Nikamwambia, "Mwite Shomari. Ndivyo mama yake alivyomwita." Watatu hata hawakukumbuka nani alisema nini, jina tu wanalo mdomoni. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Neno langu lilikuwa limekwisha kukauka kwa watu, na mimi bado nakwenda na kitambaa kama linafutika.

Ilinichukua miezi. Nikafikisha kumi. Wa kumi na moja alikuwa Haji mwenyewe, aliyelitunga jina. Alikuwa amehamia Leicester kwa bintiye. Nikaangalia tiketi za basi. Ya wiki ile ilikuwa bei kamili, ya wiki mbili mbele nusu bei. Mimi na nusu bei unatujua. Nikasubiri.

Haji akafa ndani ya zile wiki mbili. Alianguka msikitini, akazikwa siku ya pili yake. Nilikwenda mazikoni kwa bei kamili.

Nikarudi Peckham. "Kumi," nikamwambia Shomari, nikamweleza ya Haji. Akamrehemu marehemu, akafuta mikono. Kisha akasema, "Bado mmoja." Na Jumatatu akaja kazini na chaki mpya.

Tukapaka tena pamoja miaka mingine mitano, mpaka kifua changu kikagoma. Hakuwahi kunikumbusha tusi lile. Ila kila tulipomaliza gari, nikivuta barakoa, nikatazama laka inavyolala, alikuwa anaosha bunduki yake na kusema taratibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Bado mmoja, Hamadi." Nilikuwa najibu, "Najua." Miaka mitano, kila gari. Sikuyahesabu magari hayo, na hiyo ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuikimbia.

Sasa yuko kwao Tanga, ana banda lake, anapaka samani kwa sababu anasema kabati halina boneti. Siku ile nilipotoka kituo cha basi nilimpigia. Nikamwambia jina bado linatembea, tena kwa vijana wasiomjua wala kunijua.

Nikasikia mtu anapiga msasa nyuma yake.

"Kumi?" akauliza.

"Kumi. Na Haji amekufa, Shomari, nitampata wapi wa kumi na moja?"

"Tafuta mwingine. Asiwe aliyekuwepo siku ile, hao umewamaliza. Awe mmoja wa hawa wanaolitembeza sasa. Mradi awe na mdomo."

Basi kijana, bunduki yako weka chini dakika moja, kazi haikimbii.

Laka ya gari la Khalfan iliingiwa na matone ya marashi, yaliyonyunyizwa kwa nia njema na mama aliyenipa ruhusa kumtaja. Shomari wa Tanga alipima viwili kwa kimoja, akaandika ukutani kwa chaki, kama alivyopima kila siku ya kazi yake. Hakutia maji. Aliyesema ametia ni mimi, Hamadi wa Wete, na nilisema kabla ya kutazama, nikamwita mtu wa bara ili watu wacheke. Ukilisikia jina lile tena kwenye maegesho, kwenye gereji, popote, umekwisha kuelezwa, na huna pa kujificha.

Wewe ndiye wa kumi na moja. Nimekuhesabu mara mbili.